Sauti Kutoka Nairobi

Bujumbura siku hizi kila mtu ni mtaalamu wa miji ya wenzake. Muulize muuza mandazi, atakwambia wauguzi wanatafutwa Nairobi kama maji, wajenzi waende Lusaka, na wa kompyuta wangefaa Kigali ila mpaka umefungwa. Yeye mwenyewe hajavuka hata mto Rusizi, lakini yote anayajua. Kwa maneno ya namna hiyo ndivyo Amissi, fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, alivyojazwa kichwani kwamba riziki yake iko Nairobi, kwenye pikipiki za umeme.

Usimcheke. Petroli ilipoadimika, magari yalilala kwenye foleni za vituo vya mafuta, na gari lililosimama halimtafuti fundi. Amissi alishinda gerejini akifuta spana ambazo hazikuwa na uchafu. Alikuwa hodari wa kazi yake, na kukaa bure kulikuwa kunamla taratibu. Pikipiki za umeme hazihitaji petroli, alisema, na huko zinaongezeka kila siku. Alisema kweli.

Mama yake, Mwanasiti, mjane mwenye heshima zake mtaani, alichinja mbuzi. Kwa watu wa Buyenzi msafiri haondoki kimya kimya. Majirani wanaitwa, dua inasomwa, msahafu unainuliwa mlangoni, na anayesafiri anapita chini yake kwa mguu wa kulia bila kugeuka nyuma. Akishapita hivyo, amekwenda. Kurudi kabla ya kufika ni kutangaza kwa mtaa mzima kwamba dua ya mama haikupokelewa, na hakuna mtoto wa Buyenzi anayetaka kumletea mama yake habari hiyo.

Amissi alipita chini ya msahafu. Faruk, msafirishaji wa watu aliyesifiwa na kila mtu, akamfikisha yeye na wasafiri wenzake mpakani, akakusanya vitambulisho vyao eti akavigongeshe muhuri, akapotea navyo. Walimsubiri mpaka aibu ikawashinda. Amissi alirudi Bujumbura, lakini miguu ilikataa kuingia Buyenzi. Akaishia Buterere, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, ambako maji huingia nyumbani bila kubisha hodi. Akapata kibarua cha kubeba magunia kwenye mashine ya kukoboa.

Siku ya kwanza alimtumia mama ujumbe wa sauti: amefika Nairobi salama. Alidhani ni uongo wa siku chache, mpaka apate njia nyingine ya kusafiri. Njia haikupatikana, na uongo ukataka kulishwa kila siku. Alieleza barabara ambazo hajaziona na tajiri ambaye hayupo. Mama alipouliza ni kelele gani zile nyuma yake, alijibu kwamba ni mashine za kuchajia pikipiki. Walikuwa vyura. Buterere mvua ikinyesha, vyura hawamwachii mtu nafasi ya kusema. Tangu hapo akawa anarekodi akiwa amejifunika blanketi, jasho linamtoka, huku anasifia baridi ya Nairobi.

Siku moja mama alimuuliza, "Mutoto wangu, ule Faruk ni mutu muzuri?"

Angejibu nini? Mtu aliyefika hamlaumu aliyemfikisha. "Muzuri sana, mama," alisema. "Alitufikisha mpaka mu nyumba."

Baada ya siku chache ujumbe mwingine ukaingia, na sauti ya mama ilikuwa imejaa furaha. Lubna, dada yake, naye anaondoka kesho. Faruk atampeleka. Amissi ampokee.

Amissi aliacha gunia njiani na kupanda mtaa wa Gihosha, kwenye kliniki ambako Lubna alikuwa anafanya kazi. Kazi kwa jina tu: alimaliza shule ya uuguzi, wakamweka kwenye mafunzo yasiyo na malipo, na mafunzo hayo yakawa hayana mwisho. Alimkuta getini, ametoka kuaga. Lubna alimtazama kaka yake, suruali imeganda tope mpaka magotini, wala hakushtuka.

"Vyura," alisema. "Mi nilijua tangu zamani. Pikipiki hazilii vile."

Jambo la Faruk ndilo ambalo hakulijua. Amissi alimweleza yote, mpaka na vitambulisho. Lubna alikaa juu ya jiwe kando ya barabara. Amissi alimsihi asiende. Lubna akasema nafasi yake kliniki wamekwisha kumpa mwanafunzi mwingine, Chanelle, na nyumbani mbuzi amekwisha kufungwa uani. Akibaki, atampa mama sababu gani?

"Umwambie ukweli," Amissi alisema.

"Apana. We mwenyewe njo ulimwambia uko Nairobi, we mwenyewe njo utamwambia hauko." Alisema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Amissi. "Kuja nyumbani leo. Ukisema mbele ya mama, mi nabaki. Usipokuja, naenda. Hapa nakufa nimekaa, kaka."

Alikwenda. Ni haki ya Amissi lisemwe hilo: alikwenda mpaka Buyenzi, mpaka ukuta wa nyumba yao. Harufu ya vitunguu ilimpokea, na nyuma ya ukuta wanawake walikuwa wanacheka. Mmoja alimuuliza Mwanasiti kama haogopi kumtoa na mtoto wa pili.

"Niogope nini?" mama alijibu. "Kaka yake yuko kule, anamungoja. Dua ya mama Mungu hairudishi."

Sauti ile Amissi hakuwahi kuisikia. Tangu baba afariki, mama alikuwa anaongea kama mtu anayeomba radhi kwa kuwepo. Sasa alikuwa anasema kwa kifua, na wenzake walikuwa wanamsikiliza. Amissi aliweka kiganja juu ya ukuta. Hatua chache tu, mlango ulikuwa wazi. Alijiambia aingie, akajiambia tena. Kisha aligeuka akashuka Buterere, akijichukia njia nzima, na kuchukia huko hakukumrudisha hata hatua moja.

Lubna alipita chini ya msahafu siku ya pili. Majirani walisimulia baadaye kwamba hakugeuka nyuma, ila alisimama kidogo mlangoni, akitazama barabara huku na huku kama anayemngoja mtu.

Simu yake ilizimika siku ile ile. Amissi aliipiga asubuhi, akaipiga mchana, akaipiga akiwa na gunia begani. Hakuitikia mtu. Baada ya siku mbili mama naye alianza kutuma ujumbe. Amefika? Mbona simu haipiti? Umemuona? Katika ujumbe wa mwisho alikuwa analia, na Amissi hakuweza kuusikiliza mpaka mwisho.

Alikaa ukingoni mwa shamba, akajifunika blanketi.

"Amefika, mama," alisema. "Amechoka tu. Amelala."

Hakukawia kujibiwa. Kwanza vilikuja vigelegele vya mama na majirani wote pamoja, mpaka simu ikakwaruza. Halafu mama akamshukuru Mungu, akamwagiza amfunike mdogo wake vizuri, maana baridi ya huko anaijua kwa kusimuliwa. Halafu akakumbuka jambo.

"Jirani yetu Irène iko hapa pembeni yangu. Anataka na ye kumutuma Eddy wake. Anakuuliza we mwenyewe, mwanangu: Faruk ni mutu muzuri?"

Amissi aliisogeza simu mdomoni, chini ya blanketi. Kisha akabonyeza kurekodi, na vyura wakaanza kabla yake.