Risasi ya Tano

Verlin Aasgard hakununua risasi, alizijaza mwenyewe. Baruti aliipima kwa mizani iliyotikisika hata kwa pumzi, na kichwa cha kila risasi alikichomoza mbele kidogo, kiguse mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu wake. Faida yake haikuwa na ubishi: shabahani, kwa yadi mia, matundu yake matano yalifunikwa na sarafu moja. Ya dada yake Nadine, aliyetumia risasi za kiwandani, yalitaka kiganja kizima. Manne yangekaa ndani yake, moja lingepotea nje, na hakuna aliyejua litakuwa la ngapi.

"Hupigi shabaha, dada. Unapanda ngano."

"Kulungu hajawahi kuja kunipimia kwa rula," alijibu Nadine.

Novemba ile, katika milima ya Montana, walirudi asubuhi kuchukua nyama ya kulungu waliyemuua jana yake. Kunguru walikuwa wametulia juu ya misonobari; hata mmoja hakuwa ameshuka kwenye mzoga. Nadine alisema pengine dubu yuko karibu, anawatisha. Verlin alisema kunguru wameshiba.

Wakateremka na mizigo ya nyama mgongoni hadi kwenye ua wa seng'enge. Sheria ya baba yao ilikuwa moja: hakuna kuvuka ua na risasi ndani ya bunduki. Nadine akatoa yake, akapita, akaendelea chini kama yadi arobaini. Verlin akavuta chuma cha kukoki ili naye atoe yake. Ganda la risasi likatoka bila kichwa, baruti ikamwagika kwenye mitambo. Kichwa kilikuwa kimenasa mtutuni, pale pale alipokichomoza kiguse. Risasi nyingine isingeingia mpaka hicho kisukumwe kwa ufito, na ufito ulikuwa garini.

Nyuma yake tawi likavunjika.

Nadine aligeuka, akatazama juu ya bega la kaka yake. Risasi ya kiwandani ikaingia bundukini mwake bila taabu.

"Usigeuke, kaka. Wala usiiname, ataruka."

"Yuko mbali gani?"

"Anainusa nyama yako."

Verlin alipiga hesabu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Kiganja kwa yadi mia ni vidole viwili kwa arobaini. Kutoka sikio lake hadi kichwa cha dubu, kwa jinsi mtutu wa dada yake ulivyoelekea, nafasi ilikuwa vidole vitatu. Hesabu ilitosha, kwa zile risasi nne kati ya tano.