Maji ya Mama

Kitu cha kwanza alichokiona Hajira ni kiti. Viti vilikuwa viwili, na kile cha mgonjwa kiliwekwa karibu na mlango. Mlango wenyewe uliachwa nusu wazi, na ng'ambo ya korido choo kilionekana. Kwa miaka minne alikuwa mtu wa kuhesabu milango kila aingiapo. Hakuwahi kumkuta mtu aliyemhesabia yeye.

"Nani amekiweka hapa?"

"Mimi," alisema Adventina, mshauri wa kliniki ile ya Kibaha. "Ukitaka kutoka, toka. Huna haja ya kuniaga."

Hajira alikuwa na vidonda kwenye utumbo mpana, maradhi yasiyong'oka, ambayo dawa huyalaza tu. Daktari aliona damu ya chooni imepungua lakini mgonjwa anazidi kukonda, ndipo alipomleta kwa Adventina. Alikonda kwa kujinyima. Akiwa na safari, hali chakula tangu jana yake. Harusini haendi. Cherehani yake pale Misugusugu aliitoa barazani akaiingiza chumbani, hatua sita kutoka chooni, na wateja wakamsahau kidogo kidogo. Kwao Kisarawe hakumwambia mtu.

Wiki za mwanzo alijifunza kupumua taratibu, kisha kwenda sokoni akiwa ameshiba. Alipewa daftari: upande mmoja aandike anachokiogopa, upande wa pili kilichotokea. Shule aliishia darasa la tano. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa polepole. *Nitajichafua sokoni.* Upande wa pili: *Nilinunua nyanya.*

Ukurasa mmoja ulikuwa na neno moja tu. *Mama.*

"Huyu mama?" aliuliza Adventina.

Hajira aliutazama mlango. Hakutoka.

Akasimulia. Mama yao alifariki kule Kisarawe asubuhi moja, mwezi uliopita. Maiti huoshwa na watu wake wa karibu, na Fadhila, dada yake mkubwa, alikuwa amekwisha kukunja mikono ya gauni. "Njoo ushike kata ya maji," alimwambia. Tumbo la Hajira lilikuwa likichemka tangu Kibaha. Akainamisha kichwa, akasema, "Niko mwezini." Kwao aliye mwezini haoshi maiti, basi hakuna aliyeuliza zaidi. Alikwenda kukaa uani, jirani na choo, akisikiliza maji yakimwagika nyuma ya pazia. Na tumbo, siku ile, likalala kama mtoto aliyeshiba. Halikumwinua hata mara moja.

"Ningeweza," alisema. "Ningeweza kabisa."

Adventina hakumwambia kwamba hana kosa. Aliuliza tu, "Ungependa nani alijue hilo?"

Hajira alilifunga daftari. "Dada. Arobaini ya mama ni Jumapili."

Jumapili alikunywa chai kwa muhogo, akasafiri na tumbo lililojaa. Sebuleni mwa mama yao wanawake walikuwa wakichambua mchele wa pilau. Fadhila alimsukumia ungo.

"Shika, bibie. Au uko mwezini tena? Maana mwezi ule siku zako zilikujia mara mbili."

Wanawake walicheka. Fadhila hakucheka.

Hapo Hajira akakumbuka. Siku kumi kabla ya msiba alikuja kumtazama mama, na ni Fadhila huyu aliyempa pedi. Uongo wa haraka hushonwa kwa uzi mbovu. Dada yake aliuona ulipofumuka, akaufunika kwa siku arobaini, na siku zote hizo aliamini kwamba mdogo wake alimwonea mama kinyaa.

Kati yake na mlango wa uani walikaa wanawake saba. Tumbo likanguruma. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akaziachia polepole, akachambua punje mbili tatu. Kisha akauweka ungo chini na kumwinamia dada yake.

"Sikuwa mwezini, dada. Utumbo wangu una vidonda, huu mwaka wa nne, vinatoa damu. Niliogopa nisije nikamchafulia mama maji yake."