Jina la Kutaja Mbele ya Tai

Ilikuwa siku ya tatu ya Januari, mwaka wa sita wa utawala wa Kaisari wetu, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mto Danubi hata ng'ambo haionekani. Hapakuwa na upepo. Barafu ilikuwa imeshika kingo za mto, na kila kitu kambini kilikuwa kimelowa: mapaa, kamba, majoho, ndevu za walinzi.

Niliamka kabla ya tarumbeta, kama kawaida yangu, nikawamwagia miungu divai kidogo kwenye madhabahu ndogo niliyoijenga karibu na mlango. Siku nyingine huomba afya, au huombea goti langu la kushoto. Siku hiyo niliomba jambo moja tu, kwamba achaguliwe mtu mwingine awe msemaji. Sikujibiwa.

Mimi ni Tertinio, akida wa kwanza wa jeshi hili. Kwa miaka ishirini na sita nimetembea kwa amri za watu wengine. Kila mwaka, siku ya tatu ya Januari, sote hukusanyika mbele ya tai wetu wa dhahabu, nembo ya jeshi iliyo juu ya mti mrefu, kula kiapo cha utii kwa Kaisari. Mtu mmoja husema kiapo chote, neno kwa neno, na wengine, watu elfu tano, hujibu, "Nami vivyo hivyo." Kwa miaka tisa msemaji nimekuwa mimi. Jina ninalolitaja ndilo wanaloliapia.

Siku nane kabla ya hapo ilikuja barua ya Kaisari. Jeshi liondoke mtoni, liende mashariki kupigana na Waparthi, na likae huko. Kwa sheria zetu askari hana mke, kwa hiyo barua haikusema neno juu ya wanawake na watoto wanaoishi nje ya lango. Wangebaki, basi. Mimi nina Breuka pale nje, mwaka wa kumi na nne sasa, na binti yetu mwenye kifua kibovu.

Nilikuwa nazungusha vitambaa miguuni pale Kalvenio alipoingia. Ni akida wa kikosi cha tatu, kijana mwenye mabega ya maksai, na askari humsikiliza.

"Mzee, umeamka?"

"Sijalala."

"Usije ukasinzia katikati ya kiapo, ukatuaibisha."

"Sema ulichokuja kusema, kijana. Goti linaniuma."

Alichutama mbele yangu, akapunguza sauti. "Ukifika kwenye jina, weka la jemadari. Lusio Sabidio. Basi. Sisi tutajibu, na hakuna atakayekwenda mashariki."

"Wewe na nani?"

"Mimi na jeshi zima. Uliza jikoni, uliza bafuni. Hata punda wanajua."

"Na jemadari mwenyewe anajua?"

Alicheka. "Tutamwambia akishakuwa Kaisari."

"Na nisipoliweka?"

Kicheko kikaisha. Alinifungia kitambaa cha mguu wa pili, polepole, kama mtoto anavyomfungia baba yake. "Babu, nakupenda. Usinifanye nikuzike mwezi huu. Ardhi ni ngumu mno."

Nilikwenda moja kwa moja kwa jemadari. Nilimkuta amekaa, miguu imevimba, ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Bakuli la uji wa shayiri lilikuwa limepoa mezani. Sabidio ana miaka sitini na moja, na uso wake ni wa mtu ambaye usingizi haumtoshi tangu ujana. Nilimweleza yote.

"Mpishi aliniambia jana," alisema. "Ndiye mpelelezi pekee ninayemwamini. Akinidanganya, najua kwenye chakula."

"Afande, nitaje jina gani?"

Alitikisa maji kwa vidole vya miguu. "Nilikuwa na miaka ishirini na tisa nilipoona jeshi likimwinua jemadari wake juu ya ngao kumfanya Kaisari. Alikuwa analia. Watu walidhani ni furaha. Baada ya miezi mitatu nilimfunika uso kwa skafu yangu mwenyewe."

"Ukikataa je?"

"Kaisari hamwachi hai mtu aliyewahi kuitwa kwa cheo chake, hata kama alikataa. Wakishapaza sauti tu, mimi nimekufa. Kilichobaki ni kujua nitakufa na watu wangapi."

"Basi niamuru, afande."

"Hapana."

"Nimetii miaka ishirini na sita. Nakuomba amri moja."

"Na mimi nimeamuru miaka thelathini, Tertinio. Nimechoka kuisikia sauti yangu. Nikikwambia utaje la Kaisari, Kalvenio atakuchinja, na nitakuwa nimekutuma mimi. Nikikwambia utaje langu..." Hakumaliza. "Nenda kavae. Nipe hicho kitambaa, maji yamepoa."

Nilimpa kitambaa, nikatoka. Njiani nilikumbuka vita vya Makaisari wawili, nilipokuwa kijana. Handakini nilimchoma mtu mkuki, naye akanitukana kwa lafudhi ya kwetu, maneno yaleyale anayotumia mama yangu kuwafukuza nguruwe. Niliinama nimwulize ni mtoto wa nani. Alikuwa amekwisha kufa.

Jeshi lilijipanga uwanjani mbele ya jukwaa. Karibu na madhabahu alisimama Opsio, mtu wa Kaisari, mwembamba kama kalamu yake. Huleta barua na kupeleka habari, na kila mtu huchagua maneno akiwa karibu naye.

Jemadari hakupanda jukwaani mara moja. Alipita kwanza mstari kwa mstari, kama afanyavyo kila mwaka, akimuuliza huyu habari za jino na yule habari za mkono uliovunjika, na ukungu ulikuwa unamnyeshea muda wote huo. Alikuwa amevaa joho jekundu la majemadari. Sasa, sufu nyekundu ikilowa hukolea, na katika mwanga ule hafifu joho lilikuwa limegeuka zambarau kabisa. Zambarau ni ya Kaisari peke yake. Mwingine akiivaa, anakufa.

Alipopanda, wote wakamwona.

"Amevaa!" mtu alisema katika mstari wa mbele.

"Amekubali!"

"Kaisari! Kaisari Sabidio!"

Hakuna aliyefikiria maji. Ngao zilianza kugongwa, na kelele zikaenda mpaka mstari wa mwisho na kurudi. Opsio aliacha kuandika. Kisha akaandika haraka haraka.

Sabidio alijitazama begani kama mtu aliyetuliwa na ndege. Alifungua kibanio, joho likaanguka kwenye matope, akabaki na kanzu fupi.

"Ni maji!" alipiga kelele. "Ni maji tu, wapumbavu nyie!"

Walicheka kwa upendo, wakazidi kumwita.

Tarumbeta ilipowanyamazisha, nilipanda mimi. Kalvenio alikuwa hatua tano kutoka kwangu, mkono kwenye mpini wa upanga. Nilianza kiapo. Maneno yale nayajua kuliko jina la mama yangu. Nilifika kwenye jina.

Nilimtazama jemadari anipe hata ishara ya nyusi. Alikuwa anaitazama miguu yake. Nilimfikiria Breuka, na kikohozi cha mtoto, na barabara ya mashariki. Nilimfikiria na yule wa handakini. Ee Jupita, nilisema moyoni, nisamehe kwa nyumba yangu. Nikataja jina la Kaisari, kwa sauti ya kufika hadi mstari wa mwisho.

Hakuna aliyejibu. Nilisikia barafu ikipasuka mtoni.

"Mzee, umekosea," alisema Kalvenio. "Rudia."

"Sikukosea."

"Rudia!" Upanga ulikuwa umetoka nusu, na macho yake yalikuwa na machozi.

Sabidio akaja katikati yetu, akamshika kifundo cha mkono. "Rudisha huo, mwanangu. Kwa maji haya utashika kutu." Kalvenio aliurudisha. Nadhani alifurahi kupata mtu wa kumwambia aurudishe.

Kisha jemadari aligeukia madhabahu. "Opsio, andika, na usitie chumvi." Akainua mkono wa kulia kumwelekea tai. Hakupaza sauti sana, ikabidi watu elfu tano wanyamaze ili wamsikie.

"Mimi, Lusio Sabidio, naapa mbele ya tai huyu, mbele yenu wote, na mbele ya mtu wa Kaisari. Leo hii naondoka kwenda Roma, bila upanga na bila walinzi. Nitamwambia Kaisari kwa kinywa changu kwamba mliniita, na kwamba zile zilikuwa kelele za watu wanaotenganishwa na watoto wao. Nitamwomba wenye familia waachwe hapa kuulinda mto. Akitaka kichwa, nitampa changu. Na jina la mtu yeyote kati yenu halitatoka kinywani mwangu, hata wakinichoma moto."