Gitaa lenye Sumaku ya Zaituni

Mwaka ule wa tisini na mbili, mtaa mzima wa Biryogo haukuwa na mtu aliyeuza kitu kwa shingo upande kama Ilyasi, fundi cherehani. Gitaa lake la umeme lilikuwa limetundikwa ukutani katikati ya makoti ya wateja, na mnunuzi alikwishapatikana: Révérien, Mrundi mpole wa kule Kabeza, mpigaji wa harusini. Bei walielewana siku ya kwanza. Kilichobaki ni Ilyasi kuliachia.

Aliliuza kwa kuwa mwenyewe hakuweza kulipiga tena. Sindano ya cherehani ilimpitia kidole cha mkono wa kushoto, ikakatikia kwenye kiungo, na tangu hapo kidole hakikunjiki. Lakini hakuling'ang'ania kwa ajili ya kupiga. Zamani, kile kidude cha chini ya nyuzi kinachonasa sauti kiliungua. Mkewe Zaituni akatoa sumaku yake ya kuokotea pini sakafuni, fundi redio akaizungushia waya mwembamba, gitaa likafufuka. Tangu siku hiyo, kila alipolichomeka, Ilyasi alisikia mvumo mdogo ambao hapo awali hakuusikia.

Zaituni alipofariki, mvumo ukabaki. Kila jioni Ilyasi alilichomeka gitaa kwenye redio yake kuukuu ya kaseti, akalilaza juu ya meza ya kukatia vitambaa, akafumba macho. Mmmm. Angekuapia kwamba huyo ni Zaituni, ameinama miguuni pake, anaokota pini huku akiimba kwa pua. Jua lilishuka nyuma ya mlima, mapazia ya dukani yakapumua, na yule mtu mzima akawa anaelea tu, hayupo Biryogo wala popote.

Ndiyo maana alimpiga chenga Révérien, na mafundi cherehani tunawajua kwa hilo. "Njoo kesho," alimwambia, "mkanda wa begani sijaushona." Kesho yake akampima bega kwa futi kama anayeshonewa suti ya harusi, akaguna, akasema kitambaa hakitoshi. Siku ya tatu uzi wa rangi ile ulikuwa umekwisha. Siku ya nne Révérien aliingia, akavuta kigoda, akaketi.

"Muzee, leo sitoke hapa bila gitari. Jumamosi iko ndoa."

Akalichomeka kwenye redio, akapiga. Lo, vidole vile! Mwanamke aliyekuwa akipita na beseni la nyanya alisimama mlangoni, akasahau safari yake. Révérien alipomaliza, akainamisha sikio.

"Iko muzuri sana. Ila inavuma. Nitatoa iyi simaku, niweke ingine."

"Usiiguse!" Ilyasi alipiga kelele mpaka mkasi ukamponyoka. "Huo mvumo ni mke wangu."

Alishasema. Révérien hakucheka. Alilitazama gitaa, kisha redio, kisha taratibu akauchomoa waya. Gitaa likawa limetenganishwa kabisa na redio. Mmmm, redio ikaendelea.

"Pole, muzee," alisema kwa sauti ya chini. "Ni redio. Iko muzee, umeme unalia ndani."

Ilyasi aliona aibu, halafu uchungu ukamshika upya, mbichi kama siku ya mazishi. Miaka miwili alikuwa akikaa na redio mbovu. Alichukua mkanda, akaumaliza kwa mishono kumi na miwili, akamvika Révérien begani, akamwambia sumaku ibaki au iondoke, shauri yake.

Révérien alipoondoka na gitaa, Ilyasi aliizima redio. Kimya kikaingia dukani. Akajaribu kuitafuta sauti ya Zaituni bila msaada wa kitu chochote, huku akiogopa asiipate kabisa.

Ikaja. Wala haikuwa ikiimba. Zaituni hakuwahi kuimba maisha yake yote, aliokota pini akinung'unika moja baada ya nyingine: "Wewe Ilyasi, mwanamume gani unamwaga pini kama anayepanda mtama? Ipo siku nitachoka, nikuache na cherehani yako!"

Ilyasi akacheka, akacheka sana, na ndipo akalia.