Fomu ya Wiki ya Sita

Kwa miaka sita uso wa Mwanasiti, mkulima wa mwani wa Ndagoni, ulikuwa mwekundu, pua na mashavu yamejaa vipele. Akishinda juani, ulimchoma kama umepakwa pilipili. Majirani wakanong'ona kuwa anajipaka mkorogo wa kujichubua. Kwa hiyo watafiti walipokuja zahanati kutafuta watu wa kujaribu krimu ya ugonjwa huo, uitwao rozasia, alijiandikisha wa kwanza.

Alipaka asubuhi na jioni bila kuruka siku. Wiki ya nne ngozi ikaanza kubabuka. Akamweleza Deusdedit, karani wa utafiti. Akajibiwa, "Vumilia mama, ndiyo dawa inafanya kazi."

Wiki ya sita alikuja kope moja limevimba.

"Shikamoo mama, kaa hapo," Deusdedit alisema bila kuinua kichwa.

Mwanasiti alisogea mbele. Fomu yake ilikuwa mezani, imeshajazwa. Akaivuta, akasoma: Uvimbe umepungua. Hakuna muwasho. Mgonjwa ameridhika.

"Nani ameridhika?"

"Mama, hiyo ni karatasi ya ofisi."

"Ina jina langu! Hata hujanitazama. Nitazame!"

Deusdedit akamtazama, kisha akainamisha macho. "Watu ni wengi, mama. Nikisubiri kila mmoja ajieleze..."

"Ndiyo unijibie? Uso uniungue mimi, majibu utoe wewe?"

Kelele zilimtoa Daktari Laurencia, msimamizi wa utafiti, chumba cha pili. Mwanasiti akamkabidhi karatasi, akaifunua kanga shavuni. Daktari alitazama uso, akafungua faili. Fomu za wiki ya saba na ya nane nazo zilikuwa zimeshajazwa.

"Toka nje," akamwambia Deusdedit.

Alimsafisha Mwanasiti jicho, akamwachisha krimu, akaandika fomu upya huku akimsomea. "Andika nilisema tangu wiki ya nne," Mwanasiti akamwamuru. Akaandika.

Wagonjwa wenzake waliokuwa kwenye majaribio wakaitwa kupimwa upya. Wawili walikuwa wamebabuka vilevile. Deusdedit akaachishwa kazi.

"Samahani, na asante sana," daktari alisema. "Bila wewe tungetangaza dawa ni salama."

"Asante kaa nayo. Nilipolalamika, ulikuwa hapo chumba cha pili."



Ngozi ilitulia baada ya mwezi, ila wekundu wa zamani ulibaki. Daktari alipofika Ndagoni kumkagua, Mwanasiti alimwonyesha uso palepale mlangoni, wala hakumkaribisha ndani.