Kapu la Mashuka Mabichi

Tangu alipojifungua mapacha, kulikuwa na kitu kinachomshuka. Asubuhi kilikuwa mbali, angeweza hata kukisahau. Ikifika saa sita, baada ya makapu kadhaa, kilikuwa kimefika mlangoni, laini na kizito kama yai lililomenywa, na jioni alitembea kama aliyekalia msumari. Kazini wote walimwita Mama Mapacha, na wote walidhani mwendo ule ni wa maringo.

"Mwenzetu anatembea kama bibi harusi," walimtania. Naye alicheka nao, meno nje, roho inamuuma.

Kazi yao ilikuwa kufua mashuka ya hospitali. Si kwamba hospitali iliwaajiri. Hospitali iliipa kazi kampuni, kampuni ikawachukua wao vibarua, na kibarua hana bima. Yeye alikuwa kibarua mwaka wa sita. Mashuka yalikuja na muhuri wa wodi yalikotoka, na ya wodi ya wanawake aliyajua hata kwa madoa: hili la mzazi, hili la aliyepasuliwa. Alijua kwamba kwenye vitanda vile walilala wanawake wenye shida kama yake, wakarekebishwa, wakarudi makwao. Damu yao aliifua yeye.

Aliwahi kwenda huko mara moja, kwa mlango wa wagonjwa. Nesi alimpima, akavua glavu.

"Kizazi kimeshuka, dada. Wala si jambo geni, wanakuja wengi. Kuna pete ya mpira, tunaiweka ndani inakishikilia. Ikishindikana, operesheni."

"Niwekee hiyo pete."

"Kadi ya bima?"

"Sina."

"Basi ukalipie dirishani." Kisha nesi akanyanyua kitu kutoka kwenye kiti ambapo mgonjwa aliweka nguo zake. "Na huu mkanda wa nini?"

Mkanda ule aliushona mumewe, fundi viatu. Alipoambiwa tatizo la mkewe alishinda siku mbili kibandani kwake. Siku ya tatu akaja na mkanda wa ngozi, upana wa kiganja, matundu sita, umeshonwa kwa uzi mara mbili, ule wa buti. "Ukaze tumboni," alisema bila kumtazama, "kitakosa nafasi ya kushuka." Aliukaza miezi minane.

"Ukibana tumbo, vya ndani vinakwenda wapi?" nesi aliuliza. "Si chini? Umekuwa ukikisukuma mwenyewe."

Pale dirishani alisoma bei iliyobandikwa, akageuka, akaenda zake. Mumewe alipouliza mbona havai tena mkanda, alisema umekuwa mkubwa. Mume akauchukua, akatoboa tundu la saba.

Hapo ndipo msimamizi alipotangaza nafasi nne za kazi ya kudumu. Msimamizi huyu walimwita Malaika, kwa sababu hakuacha kuandika: nani kachelewa, nani kaenda chooni, nani kacheka. Mfanyakazi wa kudumu anapata kadi ya bima, alisema. Anayetaka nafasi atabeba kapu la mashuka mabichi peke yake, kutoka kwenye mashine mpaka chumba cha kukaushia, bila kulitua njiani.

Zamani kapu lilibebwa na wawili, kila mmoja na mshikio wake. Watu walipopunguzwa, akabaki mtu mmoja na kapu lake. Na shuka likiwa bichi si shuka tena, ni maiti.

"Mwanangu, usijiue," alimwambia mama mmoja mtu mzima ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote. Walikuwa kwenye chai, Shangazi kakaa upande juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama kawaida yake.

"Bila kapu sina kadi, Shangazi. Bila kadi sina matibabu."

"Na ukilibeba?"

"Kitatoka chote."

Shangazi akapuliza chai. "Wana akili hao. Wanataka uvunjike kwanza, ndiyo wakuunge."

Siku ya jaribio ilikuwa Jumatatu asubuhi. Mama Mapacha aliitwa wa kwanza. Alichuchumaa, akalikumbatia kapu, akanyanyuka. Maji yakamchuruzika mapajani. Hatua kumi za mwanzo alikwenda vizuri, wenzake wakampigia makofi. Alipofika kwenye mwinuko wa saruji, akakisikia. Hakikuja polepole kama siku nyingine. Kilikuja kwa mkupuo, kikatokeza.

Alisimama na kapu lake, na aliyemjia akilini ni mama yake.

Siku walipomwosha marehemu, yeye ndiye aliyeshika chombo cha maji. Walipoondoa nguo wakakuta kipande cha shuka, kimechanwa kwa mkono, kimepitishwa katikati ya mapaja na kufungwa kiunoni, kimefuliwa mpaka kimekuwa chepesi kama utando. Mama mdogo alikivuta haraka, akakikunja. "Mwaga maji, wewe," alisema, wala hakuna aliyeuliza. Maisha yake yote mama yule alikaa upande, kwenye kigoda kilekile. Na binti yake, alipokuwa msichana mwenye mdomo, alikuwa akimwambia, "Mama, kila saa kukaa tu! Simama basi usaidie." Mama alikuwa akisimama.

Akalitua kapu.

"Umetua," alisema Malaika.

"Nimetua."

Malaika akaandika.

"Umeandika nini?"

"Ameshindwa."

"Andika na sababu."

"Sababu gani tena?"

"Andika kizazi kimeshuka."

Msichana mmoja alicheka, kisha akanyamaza alipoona amecheka peke yake. Mashine zilikuwa zimemaliza kuzunguka. Malaika alitazama viatu vyake.

"Mama, hayo ni mambo ya ndani. Heshima kidogo."

"Heshima?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka, akaiacha hivyohivyo. "Kapu hili limeniingia ndani miaka sita, heshima ilikuwa wapi? Nafua mashuka ya wanaotibiwa ugonjwa wangu! Andika! Kucheka unaandika, kukojoa unaandika, hili kalamu imeona haya?"

Kalamu haikusogea.

Shangazi, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, hakwenda kwenye kapu lake. Alikuja hadi kwenye mwinuko, akashika mshikio mmoja.

"Shika huko."

"Shangazi, nawe utakosa nafasi."

"Nafasi! Changu kilishuka wewe hujaota meno ya pili. Ulidhani nakaa upande kwa maringo?"

"Nyie wawili nawafuta kwenye orodha," alisema Malaika.

"Futa, baba. Ila usisahau kuandika."

Wakalibeba mpaka chumba cha kukaushia, polepole.

Kadi hawakuipata. Nafasi zilikwenda kwa wanne waliofika bila kutua, na Malaika akawasomea majina mbele ya wote. Wa mwisho alikuwa yule msichana aliyecheka, hana hata mwaka kazini, na amejifungua juzijuzi tu, mtoto bado ananyonya. Alipokea makofi huku mkono mmoja ukiwa kiunoni. Baadaye Mama Mapacha alimkuta nyuma ya mashine, ameinama, anavuta pumzi kwa meno.

"Mgongo tu, dada," msichana alisema haraka. "Utaacha."

Mama Mapacha alipindua ndoo, akaisukuma mbele yake.

"Si mgongo," alisema. "Kaa. Kaa nikuambie kitu ambacho mimi sikuambiwa."