Mdomo wa Mgono

Hasira zangu ziko karibu, hilo Bugarama nzima wanalijua, na aliyetaka kuziona angekuja kijitoni kwetu asubuhi ile. Nilikuta migono yangu yote imegeuzwa.

Kwa asiyejua, mgono ni mtego wa fito na mafunjo, mrefu, wenye mdomo mpana. Samaki akiingia hatoki. Mvua kubwa zikianza, kambale hupanda kutoka mto Ruvubu, hupita kijito chetu kwenda kutaga mayai kwenye nyasi za bonde lililofurika. Wakipanda hatuwagusi. Tunawategea wakirudi, mayai wameshayaacha, ndiyo maana mdomo wa mgono unaangalia juu, kule bondeni, siyo chini mtoni. Baba alinifundisha hivyo kabla sijajua kusali Baba Yetu. Kuna mwaka Bwana Samaki, yule ofisa wa uvuvi, alikuja kijijini akasema anayeupenda mto aache kuvua. Nilimcheka waziwazi. Nani angeamka alfajiri kuzibua kijito kama hali samaki wake?

Basi asubuhi ile midomo yote ilikuwa inaangalia mtoni. Ndani ya mgono mmoja alijipinda kambale jike, tumbo limejaa mayai. Mingine ilikuwa imeshatolewa samaki. Sikuhitaji kuuliza ni nani, maana goti langu lilikuwa linauma siku zile na kazi ya kuangalia migono nilimwachia Nimpaye.

Huyu Nimpaye alivuka kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, vita vilipoanza, binti yake Iradukunda mgongoni. Tuliwapa kibanda nyuma ya migomba. Kirundi chake na Kihangaza chetu ni ndugu, kwa hiyo hatukuhitaji mkalimani wa kutugombanisha. Ndizi na viazi tuligawana. Lakini mtoto yule alivimba miguu, nywele zikawa nyekundu, na nesi wa zahanati akatuambia ndizi peke yake hazitamponya, apewe samaki, mayai, maharage. Maharage yalikuwa bado maua shambani. Nikamwambia Nimpaye avumilie, samaki watashuka si muda mrefu. Nilisema hivyo kwa roho safi kabisa.

Nilipanda kilima namtukana kimoyomoyo. Nilikuwa nimeshaamua, leo anaondoka. Mtu unamkaribisha kwako, halafu anakumalizia mto! Nilimkuta mbele ya kibanda anamlisha mtoto mchuzi, nikamwaga yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia labda kwao wanavua kama wezi. Nilimwambia kila yai aliloliweka kwenye chungu lilikuwa samaki wa mwakani.

Aliniacha nimalize. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mama Danstan, mdomo wa mgono naujua. Baba yangu alitega mto huohuo, ng'ambo, na alitega kama wewe. Lakini ya mwakani yanamhusu anayejua mwakani atakuwa wapi. Mimi ninachojua ni kwamba leo mtoto wangu lazima ale."

Mimi, Bonifasia, nilisimama pale, Iradukunda ananitazama, mchuzi umemganda kidevuni. Nyuma ya nyumba kuku wangu akaanza kutetea, ametaga. Mayai yake nilikuwa nayaweka kwenye kapu chini ya kitanda, nipate vifaranga. Nesi alisema mayai, na nilimsikia vizuri sana. Hapo nikaona kwamba mto ule nilikuwa nautunza kwa njaa ya mwenzangu, siyo kwa yangu. Iliniuma kuliko goti.

Niliingia ndani nikatoka na kapu lote. Nikamwambia hayo ni ya mtoto mpaka samaki washuke, na kuku mwenyewe akigoma kutaga, tunamchinja. Theonest, mume wangu, aliyekuwa akiwangoja vifaranga wale kwa hamu, alikohoa tu.

Halafu nikampeleka Nimpaye kijitoni, nikamwonyesha sehemu penye jiwe, chini ya mgono wangu wa mwisho. "Hapa ni pako. Mwaka huu na mwakani, popote utakapokuwa."

Alipandisha kanga, akaingia majini, akaigeuza migono yote mwenyewe, na wala sikumwelekeza. Kambale yule jike alimtoa kwa mikono miwili, akamwachia upande wa bondeni.

Samaki waliposhuka, Iradukunda alikuwa ameshaanza kukimbiza kuku uani. Lakini kabla ya mvua za mwaka uliofuata ilitoka amri kwamba wakimbizi wote walioko vijijini waende kambini, na lori likaja kuwachukua. Nimpaye alilia. Mimi nililia zaidi, tena kwa sauti, sioni haya.

Mvua zilipoanza, jirani yangu Ildefonce alitaka kutega pale penye jiwe. Alisema mwenyewe hayupo. Nikamwambia yupo, na akijaribu tena atanijua. Nikautega mgono wa Nimpaye, mdomo juu, nikasubiri kambale wapande, watage, warudi. Ukajaa kuliko yangu yote, na sifichi, niliuonea wivu.

Samaki wake niliwabanika kwa moshi mpaka wakakauka, nikawafunga kwenye majani ya mgomba, nikatembea na goti langu hadi kambini. Mlinzi wa getini akaniuliza nimebeba nini na nampelekea nani.

"Nimemletea mwenye mto samaki wake," nikamwambia.